Kifaru Sebuleni

Mume wangu ni mtu wa subira, na subira yake ndiyo iliyotutesa mwaka mzima. Mwenye pupa angekichezea kile kifaru wiki moja, kikafa, kikaenda stoo kukaa na feni bovu na baiskeli isiyo na mnyororo, nyumba ikarudi kwenye amani yake. Baba Idrisa hakutaka kukichezea. Alitaka kigeuze kichwa polepole. Kwa ajili ya hilo tumekosa samaki, tumekosa usingizi, mimi nimekosa wateja wa sare za shule, na wifi yangu Zuhura nusura akose mume.

Kifaru chenyewe hata si chake. Wifi yangu mkubwa, aliyeolewa Muscat, alikuja nacho Desemba akampa mwanetu Idrisa kwa kufaulu mtihani wa darasa la nne. Ni mfano wa Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, uliopunguzwa mara 16. Tiger halisi ilikuwa na urefu wa karibu mita nane na nusu ukihesabu na mzinga wake, na uzito wa tani 57. Hiki chetu kina urefu wa nusu mita na ushee, na uzito wake utaujua vizuri kikikudondokea mguuni. Kinaenda kwa rimoti, kinatoa moshi nyuma, kinaunguruma kwa spika iliyofichwa tumboni, na kinarusha vidonge vya plastiki vya milimita sita, jambo ambalo wifi hakulitaja mpaka alipokwisha kupanda ndege.

Ugonjwa ulionekana mapema. Idrisa alipanga makopo ya nyanya juu ya ukuta wa uani, baba yake akachukua rimoti ati amwonyeshe. Kile kichwa cha kifaru, sehemu ya juu inayozunguka pamoja na mzinga, kilikuwa na mwendo mmoja tu. Ukigusa kijiti cha rimoti kinafyatuka na kulipita kopo. Ukikirudisha kinalipita tena kwenda upande wa pili. Kati ya kulia mno na kushoto mno hapakuwa na kituo. Kidonge cha kwanza kikalia kwenye ndoo. Cha pili kikaenda kwenye kanzu ya Ijumaa ya Babu iliyoanikwa kambani, na nyuma ya kanzu hiyo alikuwepo Babu mwenyewe.

Babu, ambaye ndiye baba mkwe wangu, ni askari mstaafu wa JWTZ. Alikuwa mpakia makombora katika Type 59, vifaru vya Kichina, na katika Vita vya Kagera aliingia navyo Uganda mwaka 1979. Juu ya vita hasemi sana, lakini juu ya vifaru husema. Akatoka nyuma ya kanzu, akakitazama kichwa kikihangaika, akauliza, "Kifaru gani hiki kinachogeuza shingo kama kuku?"

Mtu mwingine angecheka akasahau. Baba Idrisa ni mhasibu; hesabu isipolingana halali. Usiku ule nilimsikia gizani akisema peke yake, "Kama kuku."

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni kando ya dirisha, kwa cherehani ya umeme yenye pedali, na Januari ndio mwezi unaonilipia mwaka, kwa sababu ya sare za shule. Pedali ni kitu cha heshima. Ukiigusa kwa kidole gumba cha mguu, sindano inashuka taratibu. Ukikandamiza, inaenda mbio. Na kati ya hapo una mwendo wowote unaoutaka, ndiyo maana kona ya kola inageuka bila kujikunja. Rimoti ya kifaru haikuwa na neema hiyo. Ilijua kuwasha na kuzima. Mota ya kichwa ama ilipewa volti zote 7.2 za betri, ama haikupewa hata moja. Mume wangu akaanza kukaa karibu nami kila jioni, akiutazama mguu wangu. Baada ya miaka yote hii ya ndoa, nikadhani ni mapenzi.

Shule zikiwa zinakaribia kufunguliwa, nilikuta pedali imefunguliwa kwenye meza ya chakula, matumbo yake yamepangwa juu ya gazeti kwa safu za kihasibu. Akaapa kwamba ataifunga kama alivyoikuta. Akaifunga. Nilipokanyaga, cherehani ikafyatuka kwa kasi yake yote, ikashona mfuko wa shati la mtoto wa watu moja kwa moja hadi kwapani. Nikaachia, ikasimama. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, ikafyatuka tena. Ilikuwa imebakiwa na mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika.

"Mama Idrisa," akasema kwa upole, rimoti mkononi, "sasa umeielewa shida yangu."

Pedali mpya ililipiwa kutoka bajeti ya kifaru, ambayo mpaka siku hiyo sikujua kwamba ipo.

Alichokipata ndani ya ile pedali ya zamani ni kwamba ilikuwa inapunguza kasi kwa kuuwekea umeme kizuizi: sehemu inageuka joto, mota inapata kinachobaki. Basi akaenda Kariakoo, mitaa ile ya vifaa vya redio, akarudi na mfuko wa rezista, zile nyeupe nene za kusagia umeme. Akaunganisha moja kwenye waya wa mota ya kichwa. Kichwa kikakataa. Akaweka yenye kizuizi kidogo zaidi. Kikavuma, kikatetemeka, halafu ghafla kikaruka vilevile kilivyokuwa kikiruka zamani. Rezista ikapata moto, ikaacha ndani ya bodi ya plastiki alama ambayo mpaka leo ipo.

Angeniuliza ningemwambia. Kila anayeshona jinzi anajua kwamba ukikanyaga kidogo kwenye pindo nene mashine inavuma tu, sindano haitoboi. Unaisaidia kwa mkono kwenye gurudumu la pembeni, na ikishaanza inakwenda yenyewe. Kuanza kunadai nguvu kuliko kuendelea. Rezista nayo ubaya wake uko hapohapo: mota iliyokwama ndiyo inayovuta umeme mwingi, na umeme unavyozidi ndivyo rezista inavyokula sehemu kubwa zaidi ya volti. Kwa hiyo inamnyima mwenye shida saa ileile ya shida. Akishajinasua, haja yake ya umeme inapungua, volti zinapanda, na kichwa kinaruka. Nilimweleza haya nikiwa natia vifungo. Akanitazama sana, halafu akachukua daftari akaandika.

Mapambano yakahamia kwenye msuguano. Ndani ya kifaru kuna pete ya plastiki yenye meno, na gia ndogo ya mota ndiyo inayoisukuma. Pete ile haikuwahi kusuguliwa tangu itoke kwenye kalibu; ilikuwa na vijinundu pande zote, na kila kijinundu ni mahali pa kukwama. Akaisugua kwa msasa laini, usiku baada ya usiku, huku Bibi yake Idrisa akiuliza ni panya gani hawa. Kisha kikaja kipindi cha mafuta. Mafuta yangu ya cherehani yakaisha kwanza. Ni mepesi, yakateremka yakaloweka waya. Idrisa akapendekeza mafuta ya nazi ya bibi yake, yale ya nywele, na nakiri yalifanya kazi ajabu. Jioni moja kichwa kilizunguka bila sauti, familia yote imesimama. Asubuhi yake hakikusogea hata kidogo.

Ilikuwa Julai. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri za Julai hapa Dar es Salaam hushuka zaidi ya hapo. Bibi angewaambia bure, maana kila Julai huianika chupa yake juani kabla ya kujipaka. Kwa muda, kifaru nacho kikawa kinaanikwa kibarazani kando ya chupa hiyo, na wapita njia Magomeni wanaona. Mwisho akanunua grisi nyeupe ya gia za plastiki, kitu ambacho mwenye duka alimwambia tangu mwanzo anunue.

Alipokwisha kupaka grisi, kikaja kisa cha mzinga. Ule wa plastiki haukumridhisha, akaagiza wa alumini kutoka kwa dada yake wa Muscat. Ulipofika ulikuwa mzuri, mzito, na ukaharibu kazi yote ya msasa. Kichwa sasa kilikuwa kinainamia mbele, pete inabanwa upande mmoja na kulegea upande mwingine. Kifaru kikiwa kwenye sakafu tambarare, kichwa kinazunguka kwa shida. Kikiwa kimeelekea chini kwenye ngazi ya mlangoni, hakizunguki kabisa. Babu akasema hilo si ajabu, kwamba hata kwenye kifaru cha kweli kugeuza kichwa kwa mkono mkiwa mteremkoni kunakuacha bega limeteguka. Dawa yake ni kuweka uzito nyuma ya kichwa ulingane na mzinga. Jumamosi hiyo nilimtuma mume wangu soko la samaki la Feri akanunue changu wa kuokwa, tulikuwa na wageni. Akarudi saa sita na mfuko wa chubwi za risasi alizonunua kwa wavuvi, na uso wa mtu aliyefanikiwa. Wageni walikula mayai.

Mambo mengine nayapita haraka. Gia zilikuwa na nafasi kati ya meno, mzinga unachezacheza kila kichwa kinaposimama. Akabandika chini ya pete utepe wa mahameli, masalio ya gauni la bibi harusi mmoja wa Tandale, ili kichwa kiwe na breki kidogo. Mota nayo ilikuwa inatoa cheche ndani, na kila ikizunguka redio ya Babu inakoroma katikati ya taarifa ya habari. Kwa hilo mume wangu alipata adhabu ya papo kwa papo, na kesho yake akalehemu kapasita tatu ndogo kwenye mota: moja kati ya ncha zake mbili, na moja kutoka kila ncha hadi kwenye ganda lake la chuma. Redio ikaacha makoromo yake. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Babu aliisifu bila kuongeza neno.

Kisha akafanya kile ambacho angekifanya kwanza asiyekuwa na akili nyingi: akabadilisha mota. Kariakoo alipata mota ndogo yenye sanduku la gia kichwani mwake, mota inazunguka mbio ndani lakini mhimili unatoka taratibu. Akaifunga. Kichwa kikaanza kwenda kwa adabu kamili. Kikaenda. Kikaendelea kwenda. Mzunguko mzima ulichukua dakika moja.

"Baba," Idrisa akasema, "adui ameshakwenda kwao."

Hapo mume wangu akatoa daftari. Alikuwa amesoma. Akatueleza kwamba kichwa cha Tiger ya kweli kilizungushwa na mashine ya mafuta iliyoendeshwa na injini ya kifaru chenyewe, na injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa kichwa ulichukua kama dakika moja. Injini ikizimwa, mpiga mzinga anabaki na gurudumu la mkono, na ili kukifikisha kichwa kilipoanzia alipaswa kulizungusha mara 720. Sherman ya Wamarekani ilimaliza mzunguko kwa sekunde kama 15. "Kwa hiyo sisi," akamaliza, "tuko sahihi kihistoria."

Babu akasema Sherman anaijua. Jeshi la Amin lilikuwa nazo. Akanyamaza kidogo, na mimi nikaacha kukanyaga pedali, kwa kuwa akinyamaza hivyo kuna jambo linakuja.

"Mnajua kwa nini nilisema kuku?" akauliza. "Type 59 haina sakafu inayozunguka. Kichwa kinageuka, sakafu inabaki palepale. Kamanda na mpiga mzinga wana viti vimening'inia kwenye kichwa, wanazungushwa navyo. Mpakiaji yuko upande wa kulia, kombora la milimita 100 mikononi, karibu kilo 30, na mzinga ukigeuka unaufuata kwa miguu yako. Chini pana maganda yanabiringika. Mpiga mzinga akiwa mtu wa kushtua kichwa, anakushindilia ukutani. Akiwa mtu wa kukichukua taratibu halafu aongeze, unakwenda naye, hata hujui kama umegeuka." Akaionyesha rimoti kwa kidevu. "Hicho chenu cha kwanza kingenivunja miguu. Hiki cha leo kingeniua uzeeni."

Baba Idrisa akatafuta la kujitetea. Akasema hata Tiger maarufu kuliko zote, ile yenye namba 131 iliyoko makumbusho ya Bovington, Uingereza, ilitekwa Tunisia Aprili 1943 baada ya kombora la Waingereza kugonga na kukwamisha kichwa chake kisigeuke, wenyewe wakashuka wakakimbia.

"Basi," Babu akasema, "unatengeneza kitu kilichowashinda wenyewe."

Lakini tangu siku ile kazi ilikuwa na shabaha. Kilichotakiwa kilikuwa kukichukua taratibu halafu kuongeza, ambacho ndicho kila siku mguu wangu ulikuwa ukikifanya mbele ya macho yake. Mwongozo ukatoka kwa kijana wa jirani anayesoma elektroniki chuoni. Alikuja kuchukua suruali yake, akaondoka saa nne usiku, na suruali akaisahau.

Kijana alisema kosa ni kudhani kwamba mota inapunguzwa kasi kwa kupewa umeme dhaifu. Ipewe umeme wake wote, ila kwa vipande: uwashwe na kuzimwa mara mamia kwa sekunde, na kasi itategemea kipande cha kuwaka ni kirefu kiasi gani kulinganisha na cha kuzima. Kila kipande kinapiga kwa volti zote, kwa hiyo kinajua kuvunja msuguano, hata kikiwa kifupi. Bodi ya kiwandani ikang'olewa kwenye kazi ya kichwa. Mahali pake pakawekwa rimoti ya mtumba ya ndege ndogo, kipokezi chake, na saketi moja yenye kompyuta ndogo kuliko kiberiti. Kipokezi kinatuma ishara mara 50 kwa sekunde. Kijiti kikiwa katikati, kila ishara inadumu milisekunde moja na nusu. Ukikisukuma mpaka mwisho upande mmoja inakuwa milisekunde mbili, upande mwingine moja. Kompyuta inapima urefu huo na kukata vipande vya umeme kwa kadiri yake. Mota ya zamani, yenye kasi, ikarudishwa kazini.

Kisha kijana akaongeza jambo ambalo lilinifanya niache sindano. Akajaribu ni kipande kifupi kiasi gani kinachoweza kukisogeza kichwa kutoka kwenye kusimama, akaiamuru programu kwamba kijiti kikiguswa tu, ianze na kipande hicho, siyo na sifuri. Yaani kompyuta ndiyo imekuwa mkono kwenye gurudumu la cherehani. Pia akaipinda hesabu, kijiti kikifika nusu ya njia kichwa kipate robo tu ya kasi, nguvu zote zibaki mwishoni. Mume wangu akashika rimoti. Mzinga ukaondoka kwenye kopo la kwanza, ukatambaa, ukapita jina la kampuni ya nyanya herufi baada ya herufi, ukasimama katikati ya kopo la pili. Babu alikuwa amesimama mlangoni. Akapiga hatua mbili ndogo kulia, mikono imekumbatia kitu kisichokuwepo, akaenda zake msikitini.

Ungedhani yameisha. Bibi akauliza, "Huyu mbu ametoka wapi?"

Umeme unaokatwa mara 490 kwa sekunde, kama alivyoupanga kijana, huifanya mota ilie kwa sauti nyembamba isiyokoma. Masikio ya Bibi, ambayo hayasikii anapoitwa kula dawa, yaliisikia hata kutoka chumbani mlango umefungwa. Akafukiza udi. Akapuliza dawa ya mbu. Alipogundua ukweli akatoa amri. Kijana akaja akapandisha vipande hadi zaidi ya 31,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Mbu akafa, na ule utambaaji nao ukafifia, kwa kuwa vipande vifupi mno haviipi mota ile mitikiso midogo inayoisaidia kujinasua. Mume wangu alitaka mbu arudi. Bibi alitaka kifaru kirudi Muscat. Nilikaa kati yao kama kadhi, tukapatana: swichi ndogo ubavuni mwa kifaru, upande mmoja sauti na utambaaji, upande mwingine kimya. Kwenye hali ya kimya kijana alikiongezea kipande cha kuanzia, kikawa kinakwenda vizuri kiasi. Baada ya Isha, na wakati wa wageni, kimya. Inaitwa swichi ya Bibi.

Na bado mume wangu hakuridhika. Katikati ya kijiti kijana alikuwa ameacha eneo dogo ambamo programu haisikii kitu, kwa sababu kijiti cha rimoti ya mtumba hakirudi katikati kamili, na joto likipanda kinahama kidogo. Baba Idrisa aliliona eneo lile kama pesa iliyolala benki bila faida. Alitaka kichwa kiitikie mguso mdogo kuliko yote. Kijana akamwambia, "Mzee, liache." Akaliacha mpaka kijana alipoondoka, akafungua kompyuta, akatafuta ile namba, akaandika sifuri.

Posa ya Zuhura ililetwa Jumamosi alasiri. Zuhura ni mdogo wake mume wangu, kitinda mimba, na Babu alikuwa amevaa ile kanzu. Wakaja wazee wanne upande wa bwana harusi, wakiongozwa na mjomba wake, ambaye ndiye mshenga, mtu mnene wa maneno mazuri aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kreni za bandarini. Barua ya posa ilikuwa kwenye bahasha juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cha hariri. Wanaume sebuleni, sisi upande wa ndani nyuma ya pazia, Zuhura chumbani haonekani, pilau jikoni. Kifaru nilikuwa nimekiweka juu ya kabati la vyombo na kukifunika kitambaa cha kufuma. Nisichojua ni kwamba Idrisa alikuwa amekwisha kukiwasha, na rimoti pia, akingoja wazee wamalize awaonyeshe. Mtoto mwenye adabu. Akakumbuka kuiweka swichi ya Bibi upande wa kimya, kisha akaiweka rimoti dirishani, kwenye jua.

Mshenga alikuwa anaeleza kwamba wao wameona ua kwenye bustani hii, wakabisha hodi, nilipoona kupitia upenyo wa pazia kile kitambaa cha kufuma kinasogea. Kikateleza upande mmoja. Mzinga ukatokea chini ya pindo lake ukitambaa, bila mbu, bila mtikiso, kwa upole ambao haujapata kutokea katika mwaka mzima wa majaribio. Ulimpita mzee wa kwanza. Ukampita wa pili. Mume wangu ameuona. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kupumua. Hakuweza kuinuka, mshenga alikuwa kwenye sentensi. Na nitasema ukweli, usoni mwake hofu na fahari zilikuwa zimegawana nusu kwa nusu.

Mzinga ukafika kwenye paji la uso la mshenga. Bwana yule akaishia kwenye neno "mahari". Wale wazee wengine wakatazamana. Mmoja wao, kipofu wa jicho moja, akainua mikono nusu.

"Mzee wangu," mshenga akamwambia Babu, "tungejua binti analindwa hivi tungekuja na kubwa zaidi."

Babu akacheka, kicheko cha kweli, na hapo sebule nzima ikalegea. Mume wangu akarukia rimoti, akaomba radhi kwa maneno mengi, akaeleza kijiti, katikati, joto, sifuri. Alidhani anajiokoa. Mshenga alikuwa amekwisha kuinuka, amekishika kifaru kwa mikono miwili, anakitazama chini ya kichwa.

"Umeondoa eneo la katikati," akasema.

"Nilitaka kiitikie mapema."

"Kwenye kreni ukifanya hivyo kontena linaondoka lenyewe, na chini kuna watu. Lirudishe, ila lifanye jembamba." Akakizungusha kichwa kwa kidole. "Umetia nini humu, mahameli? Ndiyo maana. Nani amekufundisha kuanza na nguvu halafu kupunguza?"

"Mke wangu," Baba Idrisa akasema. "Ni fundi cherehani."

Mshenga akatazama upande wa pazia akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaomba bisibisi. Babu akasogeza sinia ili papatikane nafasi mkekani. Yule mzee wa jicho moja akawa anashika tochi. Bahasha ikabaki kwenye sinia, ndani ya hariri yake, na juu ya hariri mtu akaweka skrubu zisipotee.

Pilau ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Bibi akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi huku kwetu wanaposa hivi, nami sikuwa na jibu. Zuhura, chumbani na hina zake, alipochoka kusubiri alimtuma Idrisa akaulize kama ameshaposwa au bado.

Idrisa hakurudi.